Kuanguka Mkarafuuni: Ni Mguu Ulioteleza, au ni Kazi Iliyopangwa Vibaya?

Msimu unapokaribia, mazungumzo yetu ya barazani huwa ni yale yale: mikarafuu imezaa au haikuzaa, bei itakuwaje, wachumaji watapatikana wapi, na majamvi yatatosha au hayatoshi. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza, "Mwaka huu tumejipangaje ili asianguke mtu?" Swali hili huulizwa baada ya mtu kuanguka, na wakati huo huwa limekwisha chelewa. Safari hii twapenda tuliulize mapema.

Msimu uliopita baadhi yetu tulikwenda kumtazama kijana mmoja mchumaji, aliyeanguka katika shamba moja upande wa Wete. Jina lake hatulitaji, wala la mwenye shamba, kwani hatukusudii kumfedhehesha mtu. Tulimkuta amelazwa kitandani ukumbini, miguu haina nguvu, na mama yake kakaa karibu naye akimpepea. Tulipomwuliza khabari, alijibu kwa sauti ndogo: "Niliteleza tu, wazee wangu. Ajali haina kinga." Mwenye shamba naye alitwambia maneno hayo hayo, na msimamizi wake kadhalika. Tukanywa kahawa, tukamwombea kijana, tukaaga.

Lakini njiani mmoja wetu alisema: "Sote twasema kateleza. Jee, yupo aliyeuliza siku ile ilikwendaje tangu asubuhi?" Hapo tukaona haya, maana hakuna aliyeuliza. Basi siku ya pili tulirudi, tukakaa na wachumaji wenzake mmoja mmoja, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Siku moja kabla ya ajali, mchumaji mwengine alikuwa juu ya mkarafuu ule ule, akaona tawi moja kubwa limepasuka penye panda. Alimwambia mwenziwe wakati wa chakula cha mchana. Magharibi kundi lao lililipwa, likenda shamba jengine. Asubuhi likaja kundi jipya, na katika hao hakuna aliyepewa khabari ya tawi lile.

Alfajiri ilinyesha mvua. Msimamizi mwenyewe alitaka kungoja gome likauke, lakini alikuwa ameagizwa kwamba mti ule umalizike siku ile kabla karafuu hazijafunguka, na yeye hakujiona ana kauli ya kubadilisha amri ya tajiri. Tajiri alikuwa mjini.

Kamba aliyokuwa nayo kijana ilikuwa yake mwenyewe, kuukuu, imelika penye fundo. Katika stoo ya shamba ilikuwamo kamba mpya, lakini ufunguo ulikuwa mfukoni mwa tajiri.

Wachumaji wote walilipwa kwa pishi. Kufunga kamba, kuifungua na kuifunga tena kila mtu anapohama tawi hakuingizi hata konyo moja pakachani. Ndiyo maana wengi wao siku ile walipanda bila ya kujifunga, naye kijana alikuwa amekwisha fungua kamba yake ili alifikie tawi la mbali kwa upembo.

Na baada ya kuanguka, wenziwe wanne walimnyanyua kwa mikono na miguu kama gunia, wakamweka chini ya mti, kisha wakaanza kutafuta gari. Gari ilipatikana baada ya muda mrefu.

Basi jee, mguu uliteleza? Ndiyo, uliteleza. Lakini ukihesabu, utaona palikuwa na mahali patano ambapo ajali ile ingeweza kuzuiwa au kupunguzwa ukali wake, na hata pamoja kati ya hapo hapakuwa penye mguu wa yule kijana. Pote palikuwa katika mpango wa kazi: nani anampa nani khabari, nani ana kauli, vyombo viko wapi, watu wanalipwa kwa kitu gani, na likitokea la kutokea nani atafanya nini. Mambo hayo hapangi mchumaji. Twayapanga sisi wenye mashamba, na wale wanaotukodi mikarafuu.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni maneno ya kitabuni na kwamba karafuu haina ulinganifu na kazi nyengine. Kwa hivyo twaona yafaa tutoe mifano miwili ya mbali, katika kazi kubwa kuliko zetu, ili tuone kama mambo hayafanani.

Mfano wa kwanza ni wa watu wanaopanga kazi zao miongoni mwa miti kama sisi, nao ni wakata miti wa Sweden. Kwa miaka mingi wakata miti wa nchi ile walilipwa kwa kadiri ya miti waliyoikata, kama sisi tunavyolipa kwa pishi. Katika kazi yao khatari kubwa moja ni hii: mti ukikatwa, mara nyengine hauanguki chini bali hunasa juu ya mti mwengine. Kila mkata miti ajua kwamba kupita chini ya mti ulionasa ni kucheza na mauti, na kila mmoja amefundishwa namna ya kuushusha kwa salama. Lakini kuushusha kwa salama kwachukua wakati, na wakati ule haukuwa na malipo. Kwa hivyo wengi walipita, wakafanya kazi chini yake, huku wanajua.

Mwaka 1975 wakata miti wale waligoma, na baada ya mgomo malipo yao kwa sehemu kubwa yaligeuzwa yakawa mshahara wa mwezi. Wataalamu waliopima kabla na baada ya badiliko lile waliona ajali zimepungua, na zile ajali mbaya khasa ndizo zilizopungua zaidi. Watu walikuwa ni wale wale, misumeno ile ile, na misitu ile ile. Kilichobadilika ni namna ya kulipa. Hatusemi kwamba badiliko lile halikuwa na gharama kwa wenye misitu. Twasema kwamba mtu akilipwa kwa haraka peke yake, haraka ndiyo atakayoileta, hata ukimhubiria tahadhari kila asubuhi.

Mfano wa pili ni wa baharini. Katika Bahari ya Kaskazini, mbali na pwani ya Scotland, palikuwa na jukwaa kubwa la kuchimbia mafuta na gesi lililoitwa Piper Alpha. Usiku wa tarehe 6 Julai 1988 jukwaa lile liliripuka na kuungua. Watu 226 walikuwamo. Walikufa 165, na waokoaji 2 pamoja nao, jumla 167. Hakuna ajali ya jukwaa la mafuta iliyoua watu wengi kuliko ile.

Khabari yake ni hii. Palikuwa na pampu mbili. Mchana wa siku ile mafundi waliitoa vali ya usalama ya pampu moja ili waitengeneze, na mahali pake wakaweka kifuniko cha chuma cha muda. Jioni kazi ilikuwa haijakwisha. Jukwaa lile lilikuwa na utaratibu wa vyeti vya ruhusa ya kazi, na cheti kiliandikwa. Lakini khabari yenyewe, kwamba pampu ile isiwashwe, haikuwafikia watu wa zamu ya usiku. Usiku pampu ya pili ilipozimika, wakaiwasha ile ya kwanza. Gesi ikavuja penye kile kifuniko, ukatokea mripuko.

Hapo pia mambo hayakuishia. Pampu za kuzimia moto zilikuwa zimewekwa zisijiwashe zenyewe, kwa ajili ya kuwalinda wapiga mbizi, na moto ulipotokea hakuna aliyeweza kuzifikia. Majukwaa mawili ya jirani yaliendelea kusukuma mafuta katika mabomba yaliyoungana na Piper Alpha, maana wakuu wake walikawia kutoa amri ya kusimamisha. Jaji Lord Cullen alichunguza jambo lile, na ripoti yake ya mwaka 1990 ikatoa mapendekezo 106. Hakuishia kwa fundi wala kwa mtu wa zamu. Aliangalia namna kampuni ilivyoendesha kazi yake, ilivyokabidhiana zamu, na ilivyojitayarisha kwa maafa.

Sasa tuweke mambo haya mbele yetu. Huko pampu yenye kasoro, huku tawi lenye ufa. Huko zamu ya usiku isiyopewa khabari, huku kundi jipya la wachumaji. Huko mkuu anayengoja amri na moto unawaka, huku msimamizi anayengoja tajiri arudi mjini na gome limerowa. Ukubwa wa kazi umehitilafiana, lakini njia ambayo ajali imepita ni moja.

Shirika la Kazi la Kimataifa laihesabu kazi ya shamba kuwa miongoni mwa kazi tatu zenye khatari kubwa duniani, pamoja na uchimbaji madini na ujenzi, na mwaka 2001 lilipitisha Mkataba Namba 184 makhsusi kwa usalama na afya katika kilimo. Hapa kwetu Zanzibar iko Sheria ya Usalama na Afya Kazini, Namba 8 ya mwaka 2005. Asidhani mwanachama kwamba, kwa kuwa shamba halina ukuta wala geti kama kiwanda, basi wajibu wa mwenye kazi haumfikii.

Wala asiseme mtu kwamba urefu wetu si kitu. Mkarafuu ulioachwa ukajiendea wenyewe hufika mita 10 na 15, na zaidi. Mtu akianguka kutoka mita 10 hufika chini kwa mwendo wa kiasi cha kilomita 50 kwa saa, sawa na kutupwa nje ya gari inayokwenda. Na tawi la mkarafuu, kama tujuavyo sote, si la kuaminiwa. Halipindi likakuonya, huvunjika ghafla.

Basi yafaa tufanye nini? Haya ndiyo tunayoyashauri, na hakuna hata moja linalotaka mtambo.

Kwanza, malipo. Hatuwaambii wanachama waache pishi. Pishi ni ada ya wazee wetu, na wachumaji wenyewe waipenda. Lakini yafaa malipo yawe mafungu mawili: fungu la kutwa ambalo mchumaji analipata kwa kuja kazini, kupanda kwa kamba na kufuata taratibu, na juu yake fungu la pishi. Kwa namna hii, nusu saa ya kufunga kamba na kungoja gome likauke haitoki katika riziki ya watoto wake. Na siku msimamizi akisimamisha kazi kwa mvua, lile fungu la kutwa lilipwe. Tusipofanya hivyo, wachumaji wenyewe watamsihi awaruhusu wapande.

Pili, vyombo. Kamba na ngazi viwe vya shamba, na ufunguo wa stoo uwe kwa msimamizi, si mjini. Kila asubuhi kamba ipitishwe mkononi yote, fundo kwa fundo, na iliyolika ikatwe vipande siku ile ile isije ikarejea kazini kwa siri. Kamba ifungwe kwenye shina au panda nene, juu ya kiuno cha mtu, na iwe fupi. Anayeweza kununua mikanda ya mwili mzima na anunue, kwani kamba ya kiunoni huweza kumwumiza mtu tumboni inapomdaka.

Tatu, khabari. Kila mti wenye tawi bovu, mzinga wa nyuki au nyoka, ufungwe kitambaa chekundu shinani, na asipande mtu mpaka msimamizi amekiondoa kwa mkono wake mwenyewe. Kila jioni, kabla ya kulipana, kila mchumaji aulizwe: "Umeona nini leo juu ya mti?" Na kila asubuhi, kabla ya mtu kupanda, yale yaliyosemwa jana yasomwe mbele ya wote, khasa wakiwapo wageni. Dakika 5 zatosha.

Nne, kauli. Mwenye shamba amwambie msimamizi mbele ya wachumaji: "Ukiona khatari, simamisha kazi, wala sitakulaumu." Na mchumaji naye aambiwe kwamba akikataa kupanda mti anaouogopa, hatafukuzwa wala hataitwa mwoga. Maneno haya yakisemwa faraghani hayana nguvu. Yataka yasemwe hadharani, na yatimizwe siku ya kwanza yatakapojaribiwa. Siku ile kila mtu atakuwa anatazama kama tajiri alisema kweli.

Tano, chini ya mti. Wanawake na watoto wanaookota karafuu zilizoanguka wasikae chini ya mti wenye mtu juu. Wangoje mti uishe. Na mtoto asipandishwe, hata kama ni mwepesi na vilele vyamstahimili.

Sita, siku ya ajali. Ijulikane tangu mwanzo wa msimu ni gari ya nani itakayoitwa, na namba yake iandikwe mlangoni mwa stoo. Uwekwe ubao mrefu au mlango wa zamani tayari. Aliyeanguka asinyanyuliwe kwa mikono na miguu, wala asikalishwe. Shingo na mgongo vishikwe vimenyooka, aingizwe juu ya ubao na watu kadhaa kwa pamoja, na apelekwe spitali. Uti wa mgongo uliovunjika waweza kuwa haujakata neva, na mnyanyuo mbaya ukazikata.

Saba, na hili ni la miaka, tupogoe. Kinga iliyo bora ni kuiondoa khatari yenyewe kabla ya kumkinga mtu nayo. Miche tunayoipanda leo tukiilea chini kwa kukata vilele kwa wakati wake, wajukuu wetu watachuma sehemu kubwa wakiwa juu ya ngazi. Mabwana shamba watatufundisha kukata kwa namna isiyoudhuru mti.

Twajua kuna mwanachama anayesoma haya na huku anahesabu gharama moyoni. Kwake twatoa khabari moja ya Marekani. Mwaka 1987 bwana Paul O'Neill alishika uongozi wa kampuni ya alumini iitwayo Alcoa, na jambo la kwanza alilowaambia wenye hisa lilikuwa usalama wa wafanyakazi. Wengine walidhani kachanganyikiwa. Aliamuru kila ajali aarifiwe yeye mwenyewe upesi, pamoja na mpango wa kuizuia isirudi. Wakati huo, katika kila wafanyakazi 100, majeruhi waliokosa kazi kwa mwaka walikuwa 1.86. Alipostaafu mwaka 2000 kiwango kilikuwa kimeshuka kufika 0.2, na faida ya kampuni ilikuwa imepanda sana. Sababu yake si muujiza. Mahali ambapo khabari za khatari zinapanda juu upesi, khabari za khasara na uharibifu nazo hupanda kwa njia ile ile. Msimamizi anayethubutu kumwambia tajiri "kamba hii mbovu" atathubutu pia kumwambia "karafuu hizi zimevunda kwa kuanikwa vibaya."

Limebaki lile neno la kijana wetu, kwamba ajali haina kinga. Wazee waliolisema hawakukusudia tukae tukitazama. Hao hao ndio waliosema kinga ni bora kuliko tiba. Na katika dini tumefundishwa kwamba mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo atawakali. Kadari haikatazi fundo.

Yule kijana hadi tunaandika haya bado hajasimama. Tulipomrudia na kumweleza tuliyoyagundua, alinyamaza kitambo, kisha akauliza: "Kwa hivyo tawi lile lilikuwa limekwisha onekana?" Tulimjibu kwamba ndiyo, lilikuwa limeonekana. Akageuza uso ukutani. Ndugu wanachama, hatupendi kumjibu mtu mwengine jawabu hilo.

Kwa hivyo twaomba kila mwanachama, kabla ya kutandika jamvi la kwanza, akae na msimamizi wake na wachumaji wake, wasomewe mambo haya saba, waulizwe lipi linafaa na lipi halifai katika shamba lao. Wao ndio walioko juu ya mti, nao huona yasiyoonekana kutoka barazani. Na mwenye maoni au khabari ya ajali iliyomkosa mtu kidogo na atuandikie. Barua itachapishwa bila ya jina la mtu wala la shamba.

Twawatakia msimu wa kheri, na kila aliyepanda ashuke kwa miguu yake.